Mateka aliyekimbia

Jumanne

Pointi kumi na saba juu ya ishirini, na sizitaki.

Mwalimu wa filozofia ndiye aliyenipangia upande katika mdahalo wa darasa. Nilipaswa kuwatetea wale wanafalsafa wa Ulaya ya zamani waliosema kwamba mateka wa vita, kwa kuwa hakuuawa, ni mali halali ya aliyemteka. Nilijiandaa vizuri mno, hilo ndilo kosa langu.

Sifa, jirani yangu wa benchi, akainua mkono. "Miye watu wa bunduki walinikamataka karibu na Bambu, wakanibebesha mizigo siku tatu, nikakimbia. Sasa weye unasema niko mwizi?"

Darasa likacheka. Mimi nikatazama karatasi yangu na kusoma jibu lililofuata: ndiyo, anayetoroka anamwibia bwana wake. Tena nilisoma kwa sauti nzuri.

Wanafalsafa waliopinga hoja hiyo walikuwa kwenye ukurasa uleule wa kitabu nilimonakili. Niliwaruka, eti si upande wangu. Upumbavu gani huu...

Sifa alirudi nyumbani bila kunisubiri.

Kesho nitamwomba mwalimu niwasome mbele ya darasa hao niliowaruka, hata akinipunguzia pointi. Ila kwanza, kabla ya kengele, nitamwambia Sifa kwamba hakuiba kitu.