Kituo Nilichokichagua Mimi

Mtambile, Jumatano, tarehe saba Mfungo Mosi, 1938

Leo jua limewaka tangu asubuhi, jua safi la kukaushia karafuu. Nimelichukia. Lingewaka hivi Jumapili, mama mkubwa angekuwa hai.

Leo ni siku ya tatu. Hitima imesomwa, watu wamekula, wameondoka. Mama mkubwa wangu, Bi Saada, dada yake mama, ndiye aliyenilea mama alipokuwa mgonjwa. Kila aliyekuja matangani alinishika mkono akaniambia ajali haina kinga. Nimeitikia mara ngapi sijui. Ajali hii ilikuwa na kinga, na mimi ndiye niliyeiondoa.

Sijamwambia mtu. Nakuandikia wewe, daftari langu, kwa sababu huwezi kunitazama usoni.

Mwaka jana ofisi ya mudiri, mkuu wa serikali hapa kwetu, ninakofanya kazi ya ukarani, iliagizwa kuupanga mji. Gari za abiria zilikuwa zikisimama popote, na majamvi ya karafuu yakitandikwa hadi katikati ya barabara, maana barabara inashika joto. Mbuzi wawili walikwisha kupondwa, na mtoto mmoja aliponea chupuchupu. Ikaamriwa gari ziwe na kituo chao na karafuu ziwe na uwanja wake. Nikapewa ndoo ya chokaa nipake mawe ya mipaka. Nilijiona mkubwa, sisemi uongo. Nilitembea na ndoo ile kama liwali.

Mahali pa gari hata kipofu angepajua. Ni uwanja wa mbele ya maduka, mpana na tambarare.

Lakini jioni ya kuamkia kazi hiyo, mama mkubwa aliniita kwake akaniandalia muhogo wa nazi.

"Mwanangu, uwanja ule ndo upatao jua kutwa nzima," akaniambia. "Siye tukaanike wapi, kivulini? Gari lina magurudumu, nalipande huko mlimani likasimame."

Nilicheka, nikala muhogo wangu. Asubuhi nikapaka mawe ya kituo kwenye mteremko, juu ya uwanja. Uwanja nikawaachia wanawake na majamvi yao. Waliniombea dua mji mzima, na mimi nikazipokea zote.

Dereva mmoja tu ndiye aliyenifuata. Ni Faki, wa gari la Kengeja, mtu mpole asiyejua kugombana.

"Karani, hapa pana mteremko," akasema. "Na breki zetu wazijua."

Nilimjibu kwamba dereva hodari hatembei bila jiwe la kuzuilia gurudumu. Nilimjibu mbele ya watu, nao wakamcheka.

Jumapili alasiri karafuu zilikuwa zimejaa uwanjani, zimeshaanza kupiga wekundu. Gari la Faki likafika, likasimama pale nilipoliamuru. Abiria hawajateremka wote, mvua ikaja ghafla kutoka upande wa minazi. Anayeishi kwetu anajua kinachofuata. Mvua ikikuta karafuu nje, hakuna mpita njia. Hata hasimu wako atakuja kukusaidia kuanua, kisha ndiyo mwendelee kununiana. Gari zima lilimwagika kwenda kuokoa karafuu za watu wasiowajua, na Faki aliruka wa kwanza.

Jiwe lake lilibaki chini ya kiti.

Mama mkubwa alikuwa ameinama anakunja jamvi, mgongo ameuelekeza mlimani. Faki alikuwa ameshika upande wa pili wa jamvi lilelile. Yeye ndiye aliyeliona gari lake linarudi nyuma, tupu, likija uwanjani. Alipiga ukelele, nasi tuliokuwa bado kwenye baraza la ofisi, ng'ambo ya uwanja, tukapiga ukelele. Mvua ilikuwa inapiga mabati ya maduka, hatukusikika. Faki alilivuta jamvi kwa nguvu ili amvute naye. Jamvi likamponyoka mama mkubwa, akabaki pale pale.

Faki amewekwa ndani Chake Chake.

Jana mkewe alikuja matangani kwa miguu, na mtoto mgongoni. Nilikuwa mlangoni napeleka sinia ndani. Alimpigia mama magoti, akasema, "Bi, nimekuja kulia nanyi." Mama aligeuzia uso ukutani.

"Mwambieni atoke," akasema. "Mumewe kaniulia dada yangu."

Nilibaki mlangoni, sinia mkononi. Nilimtazama yule mwanamke akitafuta viatu vyake kati ya viatu vya watu, na ulimi wangu haukunyanyuka. Haya ya jana nitakufa nayo.

Kisha asubuhi hii mudiri akaniagiza niandike taarifa ya ajali ipelekwe Chake. Mudiri huyu ni mgeni, kituo alikikuta. Niliandika kurasa mbili kwa ule mwandiko wangu unaosifiwa. Niliandika kwamba dereva aliacha gari mteremkoni bila jiwe. Hakuna neno la uongo ndani yake. Nani alichagua mteremko, nani alionywa, hayo sikuyaandika. Nilijisemea namsitiri marehemu, asije akatajwa ofisini kwamba ndiye aliyeomba.

Uongo mtupu. Mama mkubwa aliomba kama mtu yeyote aombavyo, na ilikuwa haki yake kuomba. Mwenye ndoo nilikuwa mimi. Ninayemsitiri ni mimi.

Kwa hiyo taarifa ile nimeichana. Nitaandika nyingine, na jina langu litakuwa kwenye mstari wa kwanza. Nitaandika pia kwamba Faki alinionya, na nilivyomjibu. Wakitaka kazi yao waichukue, na wakitaka kunipeleka alipo Faki wanipeleke.

Ila kabla ya mudiri, yuko mama. Sitaki ayasikie haya sokoni. Yumo chumbani sasa hivi, amelala juu ya kanga ya dada yake, ameshika tasbihi. Amebakiwa na mimi tu. Kila niingiapo hunishika mkono, akasema Mungu kamchukua Saada lakini kamwachia mimi.

Nitaingia sasa hivi, kabla ya magharibi, kabla sijapata udhuru mwingine. Nitamwambia aache kumlaani Faki.

Akinitoa mkononi mwake, nitakuwa mtoto wa nani?