Ile Hongera Niliyompa Mama

Maabara ya Tishu, ghorofa ya tatu,
Jumatano, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Dada,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, na najua ulipo: kwenye cherehani, pini mdomoni, na barua hii umeishika kwa vidole viwili usije ukaipaka chaki. Hujambo? Mgongo unasemaje siku hizi? Shemeji yangu mcheshi hajambo? Na yule mpwa wangu mdogo ameshaota meno, au bado anacheka kwa fizi? Mimi mwili mzima. Habari za moyo nitazifikia mwenyewe.

Aliyekuletea barua ni mwenzangu wa kazi. Tunamwita Barafu kwa sababu ndiye mtunza majokofu yetu, ila yeye mwenyewe ni mtu mwenye joto kuliko sisi sote. Amekuja huko likizo. Mpe kiti, mpe chai, hasira ulizonazo kwangu usimpe, hana kosa.

Najua umenikasirikia. Tangu Februari umeniandikia ujumbe mara tatu tu. Wa kwanza, "Amelazwa." Wa pili, "Ametoka." Wa tatu ni wa juzi: "Jana ameanguka jikoni. Kachoma sindano, hakula. Anasema wewe ndiye uliyemwambia." Nimeusoma huo wa tatu mpaka nimeukariri. Nikikupigia hupokei, na sikulaumu. Ningekuwa wewe nami nisingepokea.

Sasa nisikilize, Dada, maana sijawahi kukueleza vizuri. Kila ukiniuliza ninafanya kazi gani nakujibu "utafiti", halafu nabadilisha mazungumzo. Kazi yangu ni mafuta. Siyo ya kupikia, ni haya tuliyonayo chini ya ngozi na tumboni. Mgonjwa akipasuliwa, na akiwa ameridhia, daktari anatukatia kipande kidogo kama punje ya harage. Kinatufikia ndani ya kikombe chenye namba, jina hakina. Nakikata vipande vyembamba, navitia rangi, naviweka chini ya hadubini. Ukichungulia unaona kama povu la sabuni kwenye beseni la kufulia. Kila tone la povu ni chembe moja ya mafuta.

Watu hudhani mafuta ni mzigo tu, yamelala pale. Hayalali. Yanatuma habari mwilini kutwa nzima, kwa ini, kwa ubongo, kwa misuli. Lakini chembe ikijazwa kupita uwezo wake inakufa, na askari wa mwili wanakuja kuizunguka. Wakizidi unawaka moto wa chini kwa chini, usioonekana wala kuuma, na sukari ya damu inaanza kukosa pa kwenda. Mimi kazi yangu ni kuhesabu yale maduara ya askari kuzunguka chembe zilizokufa. Duara moja, mawili, matatu. Miaka mitatu nahesabu maduara, na wewe ulidhani nimevaa koti jeupe naokoa watu.

Basi mtu mnene akipungua, maduara yanapungua naye. Hiyo ndiyo furaha yetu hapa. Mmoja akisema "namba ishirini na sita amepungua", tunapeana mikono.

Mwezi wa kumi ukaniandikia barua ndefu, habari za nguo za shule, habari za paa, na katikati yake maneno mawili: "Mama amepungua." Nilikuwa nimesimama kwenye korido, glavu imebaki mkono mmoja. Nikatoa simu, nikakujibu: "Safi sana. Mpe hongera, aendelee hivyo hivyo."

Dada, sisi tumelelewa na neno hilo. Nyumbani kwetu ukisikia fulani amepungua, unauliza papo hapo anaumwa nini. Mtoto wa jirani akirudi kutoka shule na mashavu yamebonyea, Mama alikuwa hamwachi apite kabla hajamkalisha mezani. Wewe uliniandikia kwa Kiswahili cha nyumbani, ulikuwa unapiga kelele, na mimi nikakusoma kwa Kiswahili cha maabara.

Kinachonikata maini ni hiki. Fomu yetu ya wagonjwa ina maswali arobaini, na la kwanza nililiandika mimi mwenyewe: "Umepungua kwa kupenda au bila kupenda?" Nimewauliza watu mia mbili na kitu. Ninyi ndio mlionipa jina la Maswali, nikiwa sijafika hata kimo cha meza yako ya kukatia. Mama yangu mzazi sikumuuliza.

Kisha Februari ikaja ile bahasha yako isiyo na barua. Nikaifungua hapa hapa mezani, zikadondoka tepe mbili za kitambaa, moja nyekundu, moja nyeupe. Kwenye nyekundu ulikuwa umeandika kwa chaki "ulipoondoka", kwenye nyeupe "leo". Nikajua ni kiuno cha Mama. Nikachukua rula ya maabara nikazipima, sentimita mia moja na nne, sentimita themanini na tatu. Barafu aliniuliza ni kitambaa cha nini, mimi tayari natafuta simu. Hapo ndipo nilipompigia Mama. Nikamuuliza kiu, akasema anakunywa maji kama ana kisima tumboni. Nikamuuliza usingizi, akasema anaamka kukojoa mara nne, mara tano. Mwili wake ulikuwa na sukari tele isiyofika inakotakiwa, ukawa unachoma akiba. Mtoto wake mtaalamu wa akiba hiyo hiyo alikuwa ameshampongeza. Nimekaangwa kwa mafuta yangu mwenyewe.

Kesho yake ulimpeleka hospitali. Siku sita ulikaa naye wodini, na najua cherehani ilikaa kimya siku zote hizo. Asante ni neno dogo, lakini sina lingine. Asante, Dada.

Hofu yangu sasa ni hiyo sindano ya kisukari aliyotoka nayo hospitali. Sindano inashusha sukari, na ikilikuta tumbo tupu inaishusha mpaka mtu anaanguka, kama alivyoanguka. Safari hii ameangukia jikoni ukiwa chumba cha pili. Safari nyingine unaweza kuwa umetoka kwenda kununua uzi. Nimemweleza kwenye simu mara nne. Anacheka, anasema mtandao ulikuwa mbaya hakusikia, halafu ananiuliza mimi kama nimekula. Wewe ukimwekea chakula anakula robo, kinachobaki anakifunika awabakizie wengine. Na ukimsema anakutolea ule ujumbe wangu, aliokutaka umwandikie kwenye karatasi kwa herufi kubwa. Unavyomjua Mama, lililosemwa linapita, lililoandikwa ni amri. Ndiyo maana naandika.

Likizo yangu ni Juni. Nimeomba Machi, Aprili, nimeomba hata wiki moja. Sampuli za watu arobaini zimeshafika na ni mimi ninayezishika, bosi amesikitika kwa adabu na kukataa. Nimewakumbuka, Dada, mpaka nakuwa mjinga. Huku kuna duka la fundi wa nguo njiani kuelekea kazini. Nasimama pale kila asubuhi, najifanya natazama mashati, kumbe nasikiliza cherehani. Nakumbuka nilivyokuwa nalala juu ya vipande vya nguo chini ya meza yako, na wewe unanipiga kwa kidole cha mguu nikikoroma. Nina hamu ya kusikia mtu akiniambia nimekonda. Hapa nimepungua kilo saba na wote wananisifu.

Sikuombi unisamehe leo. Nakuomba upokee simu, hata ukipokea ili unitukane. Nina njaa ya sauti yako.

Nisalimie Shemeji, mwambie ule utani wake wa mwisho nimeuelewa juzi. Nisalimie Mama Mdogo na goti lake, na Mjomba Redio, mwambie sijasahau deni la kumsikiliza. Wapwa zangu wote wabusu, yule wa fizi mara mbili. Jirani mwalimu naye, kwa heshima zake zote.

Sasa nakuomba umwite Mama, akae, avae miwani. Yanayofuata ni yake. Kama macho yanamsumbua msomee wewe, kwa sauti, usiruke neno.

Mama, shikamoo. Hili nakuandikia ili uwe nalo mkononi. Mwezi wa kumi nilikupa hongera. Nilikosea, Mama. Ulikuwa unaumwa na mimi nikakupigia makofi. Hongera ile naifuta, ile karatasi mpe Dada aichane mbele yako, na hii uiweke mahali pake. Sindano uchome kama muuguzi alivyokuonyesha, na chakula kiwe mezani kabla hujachoma. Usinibakizie. Usimbakizie mtu yeyote. Umeniambia neno moja maisha yangu yote, ukiwa na cha kunipa na ukiwa huna, na leo nakuambia wewe mimi mwanao, kwa maandishi: kula, Mama.

Mungu awatunze wote wawili mpaka nije niwaone kwa macho yangu.

Ni mimi mwanao, na mdogo wako, anayewapenda,
Maswali