Jina la Tambu

Sopelo, 4 Julai

Shangazi mpendwa,

Salamu nyingi. Mkono unaendeleaje? Sisi ni wazima, na Bibi anasema ule viazi vitamu, usizoee wali wa hospitali. Naahidi kukueleza yote, hata yanayotuaibisha.

Daftari lako la kiongozi wa walinzi wa mwamba naliendeleza mimi, kwa maswali yako matatu: nini kimetokea, nimehisi nini, nitafanya nini. Ijumaa wale wavuvi wa kulipua samaki walirudi na baruti ya mabomu ya vita vya zamani, wakalipua humo humo kwenye eneo la mwamba tulilolifunga lisivuliwe. Bomu moja lilimlipukia mvuvi mkononi. Vidole vilielea pamoja na samaki.

"Okoteni, hao nao ni samaki!" mlinzi mmoja akapiga kelele, na wenzake wakacheka. Niliwaonea aibu. Nimeandika hivyo.

Aliyekukata kwa panga ni nani? Hapa kila mtu anasema anamjua, ila hakuna anayeniambia mimi wala polisi. Walinzi wanataka kulipiza wenyewe.

Mwana wa kaka yako,
Jorida

Gizo, 12 Julai

Jorida mwanangu,

Salamu zimefika. Mkono umeshonwa, ila vidole viwili havinisikii, kwa hiyo nesi ananiandikia.

Aliyenikata ni mdogo wa mume wangu, mmoja wa wavuvi hao. Unajua mila yetu hainiruhusu kutamka wala kuandika jina la shemeji, ndiyo maana daftarini niliandika "tambu" tu, yaani mwiko. Konstebo aliposoma akacheka: "Mama, si ndivyo mnavyoliita na lile eneo mlilolifunga? Mwamba ndio umekukata kwa panga?"

Nikamwambia, "Cheka, mwanangu, hujaoa bado."

Kwako yeye si tambu. Liandike jina, mpe konstebo kabla walinzi hawajamfikia. Maswali mawili ya kwanza hata mlevi huyajibu. La tatu ndilo la kiongozi.

Shangazi yako

Sopelo, 19 Julai

Shangazi mpendwa,

Pole na maumivu. Unalala vizuri? Barua yako ilifika Jumanne, na siku hiyo hiyo nikaandika: Nemuel. Nikampelekea konstebo, akasema atakuja Alhamisi.

Jumatano walinzi walimkuta akishona nyavu ufukweni. "Haya, tambu wa watu, simama!" Wakampiga kwa makasia. Taya lilivunjika, nililisikia. Mtumbwi wake wakauchoma, na alipojaribu kutambaa wakamrudisha kwa mateke. Alikuwa akiliita jina lako, Shangazi, ambalo naye haruhusiwi kulitamka.

Kasia la kwanza lilikuwa la Baba. Aliporudi nyumbani alinawa, akala, akaniambia, "Leo ipumzishe kalamu, binti yangu."

Konstebo amempeleka Nemuel hospitalini, na wiki ijayo anarudi kulichukua daftari. Kilichotokea nimekiandika bila majina. Nilichohisi pia: niliogopa, na kabla ya kuogopa, kidogo, nilifurahi. Swali la tatu nimeliacha wazi.

Mashua inayoleta barua hii inarudi kesho kutwa, tafadhali unijibu kwayo. Shangazi, jina la kaka yako niliandike?

Jorida