Soksi Zako na Nyasi za Uwanja wa Makumbusho

Mwaka umetimia leo, Baba, tangu ulipovua viatu mlangoni na usivivae tena.

Watu walikuita Bwana Nyasi, nawe ulicheka tu. Walipotaka maua ya kigeni mbele ya jumba la makumbusho, wewe uliwapelekea nyasi za hapahapa, zile zinazofyekwa kando ya barabara. Mkurugenzi alilalamika kwamba umemletea magugu. Hukubishana naye. Ulipiga magoti ukapanda, shina kwa shina, miaka sita.

Jioni ulirudi na mbegu zimenasa kwenye soksi. Mama alizichambua akinung'unika kwamba ameolewa na mbuzi. Ulimjibu kuwa mbuzi hula, wewe unapanda.

Baba, tuna jambo la kukiri. Kiangazi kilipokaza watu wa makumbusho walitupigia simu kutuuliza: nyasi zimekufa, zing'olewe? Ulishatuambia mara mia kwamba hukauka juu tu, chini zimelala. Lakini akili ya mwenye msiba haiko kichwani. Kifungua mimba wako alikwenda, akaziona zimekuwa rangi ya majivu, akashindwa kustahimili. Akasema, "Ng'oeni."

Walianza na upande wa mashariki, wenye zile za mashuke mekundu ulizozitoa bondeni kabla bonde halijajengwa. Hazipo tena kwingine. Kabla hawajafika upande wa pili mvua ikanyesha, na zilizobaki zikachipua zote. Tangu hapo mwanao hapiti njia ile. Majuto ni mjukuu, na huyu tunaishi naye.

Mama alikuwa na jozi ya soksi zako za siku ya mwisho, hazijafuliwa, ameziweka chini ya mto kwa ajili ya harufu yako. Sote tulijua, hakuna aliyethubutu kuzigusa. Mwezi uliopita alizitoa mwenyewe, akampa kifungua mimba wenu.

"Chambua," alimwambia. "Baba yako hakai kwenye soksi."

Zilitoka mbegu arobaini na moja. Walizipanda wawili, kwa magoti. Kisha Mama akazifua soksi, akazianika, akaingia ndani kulia.

Unakumbukwa na mkeo, kifungua mimba wako, kitinda mimba wako, mkweo, dada yako na wajukuu wanne.

Zimeota saba, Baba. Saba tu. Tunazimwagilia kila asubuhi, na kila asubuhi tunakutaja.