Masaa Matatu Niliyomwambia Nesi

Alhamisi, saa kumi jioni. Ukungu haujaondoka tangu asubuhi. Nguo za mtoto zina siku ya pili kwenye kamba na bado zinadondosha maji.

Shajara yangu, usinihesabie siku. Mara ya mwisho naandika hapa Gloria alikuwa hajaanza kusimama, sasa anavuta kila kitambaa cha meza. Ningeweza kusingizia kazi, na kazi kweli zipo. Lakini hizi wiki tatu za mwisho nilikuwa nashika simu, nafungua ukurasa huu wa mtandaoni, nafunga. Nilijua nikianza kuandika itabidi niandike nilichofanya.

Basi naandika.

Kwa mnaopita hapa bila kunijua: naishi kota za wafanyakazi, huku juu kwenye ukingo wa kreta, Ngorongoro. Mume wangu ni fundi wa magari ya watalii. Mimi nimezaliwa Kahe, chini kabisa ya Moshi, kwenye joto. Huku hakuna anayeruhusiwa kulima, kwa hiyo kila tunachokula kinapanda na gari kutoka Karatu. Maharage alikuwa anatuletea Mama Paskali wa Rhotia, kila Alhamisi, mama wa makamo mwenye kofia ya kufuma na maneno machache. Analima mwenyewe, anachambua mwenyewe. Ukikuta jiwe kwenye maharage yake ujue umeliweka wewe.

Siku ya kwanza nanunua kwake aliniambia, "Huku juu usiyaamini maji, mwanangu." Nikacheka. Mimi nimepika maharage tangu nina miaka tisa, mtu wa kuniambia habari za maji ni nani?

Jumanne ile, wiki tatu zilizopita, nilikuwa sijalala vizuri siku tatu. Gloria alikuwa anaota meno. Asubuhi nikabandika maharage mekundu, sikuyaloweka. Yakachemka, tena kwa fujo, mapovu mpaka mfuniko unacheza. Kwetu Kahe maharage yakichemka hivyo, ukifua nguo za mtoto na kufagia uwanja, unarudi yameiva. Nikafua. Nikafagia. Gesi ikaanza kuwaka kwa kusuasua, mtoto analia, mkaa wenyewe umelowa. Nikabana punje moja kwa vidole. Ganda lilitoka, ila ndani bado palikuwa kama chaki.

Nililiona hilo. Sitaki mtu aseme sikuliona.

Nikayaponda. Maharage ukishayaponda na kuyatia kitunguu na mafuta, hakuna anayejua yameiva au hayajaiva. Nikamlisha Gloria. Mimi sikula, nilikunywa chai nikasinzia nimekaa.

Kabla jua halijazama alikuwa ametapika mara nne. Ya tano hakuwa na cha kutoa, anajikunja tu, macho yananiangalia kama ananiuliza. Nikambeba mgongoni mpaka zahanati nikiwa na kandambili mguu mmoja rangi hii na mwingine rangi nyingine.

Nesi alimpokea vizuri, akamkorogea dawa ya kuongeza maji, tukawa tunamnywesha kwa kijiko. Akaniuliza amekula nini. Nikasema maharage. Akauliza, "Uliyapika muda gani?"

Kwenye benchi kulikuwa na wanawake wanne wa kota, akiwemo jirani yangu Mama Jose. Wote wanasikiliza.

"Masaa matatu, nesi."

Hayakufika hata mawili. Nilisema matatu bila kumeza mate. Nesi akafikiri, akasema kama yalipikwa hivyo basi labda yana dawa ile ya unga wanayowekea wadudu wasitoboe, ulizeni yametoka wapi. Hakumtaja mtu. Mimi ndiye niliyetaja. Nikasema kwa sauti, benchi zima lisikie: "Ya Mama Paskali."

Na haikutosha. Nilipofika nyumbani, mtoto ametulia kifuani, nikarekodi sauti kwenye grupu la wamama wa kota. Nikawaambia wawe macho, yule mama anatuuzia sumu. Niliongea kwa uchungu wa mzazi. Nimeisikiliza tena juzi. Ukinisikia utaniamini.

Alhamisi gari likaja. Mama Paskali akashuka, akafungua kiroba, akasubiri. Hakuna aliyemsogelea. Mama Jose ndiye akapaza sauti kutoka mlangoni kwake: "Mama, leo umetuletea ya kula au ya panya?" Watu wakacheka. Yule mama hakuelewa. Ilibidi dereva amweleze taratibu, pembeni, na mimi nilikuwa namwona anavyoelezwa. Akafunga kiroba, akakirudisha garini. Kisha akageuka kwangu, mimi nimesimama na Gloria mkononi, akaniuliza swali moja tu:

"Mtoto hajambo?"

Nikasema hajambo. Nikaingia ndani.

Alhamisi iliyofuata hakuja, wala ile nyingine.

Wiki hiyo hiyo nikakuta maharage yake yamebaki chini ya ndoo, kama nusu kilo. Kutupa chakula siwezi, sikulelewa hivyo. Nikayaloweka nikayasahau mpaka kesho yake. Nikamwaga yale maji, nikabandika upya kwenye mkaa, moto mkali, nikakaa na saa ya ukutani mbele yangu. Kila nikibonyeza, bado. Yanachemka, bado. Masaa matatu, yale niliyomwambia nesi, yalipita punje ya ndani ikiwa ndiyo kwanza inaanza kulegea. Yalipoiva kabisa nilijaza bakuli nikala peke yangu, bila ugali, Gloria nikampa ndizi.

Kisha nikakaa kusubiri tumbo.

Naandika hili kwa sababu ndilo linaloniuma kuliko yote: nilitamani nitapike. Kila tumbo likinguruma nafurahi. Nilitaka niugue ili yule mama awe na kosa.

Sikutapika. Nililala fofofo.

Jumatatu nikarudi zahanati, safari hii hakuna mtu kwenye benchi, nilihakikisha. Nikasema, "Nesi, yale masaa hayakuwa matatu."

Hakushtuka hata. "Nyie wamama wote mnapika masaa matatu," akasema, anaendelea kupanga sindano zake. "Sijawahi kumpata aliyepika moja na nusu." Halafu akaacha sindano akanielewesha. Kwamba maharage mekundu yana sumu yake ya asili, moto wa kutosha ndio unaiondoa, na nusu kuiva ni hatari. Na kwamba hewa ndiyo inayoyakandamiza maji kwenye sufuria. Chini kule hewa ni nzito, maji mpaka yachemke yamepata moto hasa. Huku juu hewa ni nyepesi, maji yanawahi kuchemka yakiwa na moto mdogo, na hata ukichochea kuni za kijiji kizima hayapandi zaidi ya hapo. Yanageuka mvuke tu.

Nikakumbuka Sayansi, darasa la sita. Maji huchemka kwa nyuzi joto mia moja katika usawa wa bahari. Tuliimba hiyo sentensi kama sala, nikaipata kwenye mtihani. Hayo maneno ya usawa wa bahari nilidhani ni ya kupamba, kama milele na milele mwishoni. Sikujua yanauliza wewe umesimama wapi.

Mchana nikampigia Mama Paskali. Namba yangu alikuwa ameshaifuta.

"Nani mwenzangu?"

"Mama Gloria, wa kota."

Nikasikia kuku, kisha mlango. "Enhe. Panya wamekwisha?"

Nikamwambia yote, pamoja na chaki na gesi na saa. Aliniacha nimalize. Nilipoanza kulia akasema, "Usilie, salio linakwisha. Siku ya kwanza nilikwambia nini?"

"Nisiyaamini maji."

"Ukafanya nini?"

"Nikacheka, mama."

"Huko juu maji yanachemka bure, mwanangu. Sisi tunaopanda tunajua. Nyinyi wa chini mkiona povu mnapakua." Nikamsikia anafukuza kuku. "Sasa hii samahani umeniletea mimi peke yangu sikioni ya nini? Wewe ulikosemea ndiko ukasemee."

Nikamwomba apande Alhamisi, nikamtajia ninachotaka: vitunguu, kabichi mbili, maharage. Akasema tutaona, akakata.

Juzi Jumanne nikarekodi. Nilifuta mara sita. Ya saba nikaituma bila kuisikiliza: kwamba maharage hayakuwa na dawa yoyote, nilimlisha mwanangu mabichi, nikamdanganya nesi, nikamchafua mama wa watu. Mama Jose akawa wa kwanza: "Kumbe hayakuchemka maharage, umechemka wewe." Yakafuata macheko, mistari mizima.

Nilistahili. Lakini nikamjibu. Nikamwambia nimechemka, ni kweli, na wewe Mama Jose ulimtania mtu mzima mbele ya gari zima, kwa hiyo tusichekane, tutafute namna ya kumrudisha. Jioni akaniletea kikombe cha sukari ambacho sikumwomba, akakiweka dirishani akaondoka.

Leo gari limekuja. Nilikuwa barabarani nusu saa kabla, Gloria kwenye kitenge, ukungu hata huoni mkono. Mama Paskali hakushuka. Dereva akanipa mfuko: vitunguu, kabichi mbili. Nikaangalia chini ya kabichi. Maharage hamna.

"Amesema maharage yake hayasafiri kwa huruma," dereva akaniambia, anakwepa macho yangu. "Kota ikiyataka atapanda nayo mwenyewe. Siyo wewe peke yako kwa ajili ya aibu yako."

Nilisimama pale kama niliyesahau njia. Halafu nikakasirika, halafu nikaona ana haki. Nimefika nyumbani nikachukua daftari, nikambeba Gloria vizuri, nikaenda mlango kwa mlango. Kila mlango nimerudia habari yote tangu mwanzo, maana wengine hawamo kwenye grupu, walisikia sumu tu. Kuna aliyenifungulia nusu mlango. Kuna aliyesema, "Wewe ndiye yule?" Nikasema ndiye.

Binti yake Mama Paskali ananisoma hapa, ameahidi atamsomea. Kwa hiyo dada, msomee na hii, polepole, usiruke jina. Mama, waliojiandikisha kununua maharage yako mpaka sasa ni hawa:

Mama Jose, maharage mekundu kilo mbili. Anasema atayapokea mwenyewe, ana neno la kukuambia.

Nesi, kilo moja.

Nyumba ya walinzi, kilo sita, na wameuliza kama kuna ya njano.

Mama wa nyumba ya kona, kilo moja ya kujaribia.

Nyumba mbili za mwisho bado. Wamesema wataandikisha wakimwona Gloria anayala.

Mimi kilo tano, mekundu yale yale. Ya Gloria yamo humo.