Transfoma Yako Iliyovuma Kimilili

Karakana ya Mbao,
Kitale.
Jumapili, 22 Aprili 1956

Mpendwa mpwa wangu Mukhisa,

Pokea salamu zetu nyingi, na za mvua pia, maana imefika na haionyeshi dalili ya kuondoka. U hali gani huko Jinja? Kile kikohozi cha Februari kimekwisha, au bado unakibembeleza kwa maji ya tangawizi? Mimi ni mzima. Goti la kushoto tu ndilo hunipa habari za mvua kabla ya mawingu.

Mke wangu Dinah anakusalimu, na ananiagiza nikuambie kwamba barua yako ya mwisho ilikuwa fupi kama tangazo la serikali. Anataka kujua unakula nini, nani anakufulia, na kama bado unakwenda kanisani. Usinijibu mimi. Mjibu yeye.

Tumekwisha kupanda. Kuanzia hapa hadi kule kijijini Kwanza udongo umepinduliwa, mweusi na unanukia vizuri, na mahindi ya majirani yameanza kuchungulia. Miaka thelathini na zaidi nimeyatazama mashamba haya, mengi yakiwa ya watu wengine, na bado kila Aprili moyo wangu huchangamka kana kwamba yote ni yangu.

Nakuandikia Kiswahili badala ya lugha yetu ili rafiki yako Gichuki asome mwenyewe. Uliniambia mlivikata vibati vile vya chuma vya transfoma pamoja, kwa hiyo sifa na lawama mtagawana.

Nanyama mkeo hajambo. Anakula, anacheka, na anamtuma kila mtu. Nasema hivyo mapema ili usome yanayofuata bila kurukaruka mistari ukitafuta jina lake.

Wiki iliyopita dereva wa lori la mahindi alisimama mlangoni pangu na ujumbe kutoka kwa dada yako Edah, huko zahanatini kwake Kimilili. Aliutoa kama alivyoupokea: "Mwambie mjomba aje na spana. Transfoma ya Mukhisa imenifanya kiziwi."

Sikushangaa sana. Ulipokuja nyumbani Krismasi ukawatengenezea watu wa zahanati lile sanduku la joto la watoto wachanga, nilikusifu na bado nakusifu. Kuchukua umeme wa mashine ya maji ya misheni, kuupunguza kwa transfoma hadi volti kumi na mbili, na kuwasha kwa umeme huo taa za lori ndani ya sanduku la mbao ili mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati apate joto, hilo si jambo dogo. Sasa hivi yumo binti wa Chesang, mama mmoja wa kule juu mlimani. Alizaliwa mdogo hata Edah aliogopa kumfunga nepi. Leo ananyonya na anapiga kelele, na kelele hizo ni zako.

Lakini kelele ya transfoma nayo ni yako. Unajua zahanati ile ina chumba kimoja, na kuta zake ni za mbao. Edah akimpima mama mjamzito huweka kile kipembe cha mti tumboni na sikio juu yake, atafute moyo wa mtoto. Tangu Februari alikuwa akisikia mvumo tu. Akizima umeme, binti wa Chesang anapoa. Akimtoa mama nje barazani, mvua inapiga mabati na watu wa foleni wanapiga gumzo.

Naye aliyemtia wasiwasi zaidi ya wote ni Nanyama. Tumbo lake lilikuwa limeupita umri wa mimba, na Edah hakuweza kuusikia moyo. Mikono yake ilimwambia mtoto anacheza, lakini hakujua amelala vipi wala kama moyo unakwenda sawasawa. Asipousikia, ingebidi ampeleke hospitali kubwa ya Kakamega juu ya lori, katika matope haya. Hukuambiwa kwa sababu Nanyama alikataza. Usimkasirikie.

Nilifika Ijumaa asubuhi. Mlima ule ule ninaouona kila siku kutoka Kitale, ukiutazama kutoka upande wa kwetu ni kama umegeuka kukutazama usoni. Nilisimama njiani nikautazama mpaka mwanamke mmoja mwenye kikapu akaniuliza kama nimepotea. Nikamjibu kwa lugha yetu kwamba nimezaliwa Bokoli. Akasema, "Unaongea kama marehemu babu yangu." Nadhani alikuwa akinisifu.

Mvumo niliusikia kabla sijafika mlangoni. Ndani nikakuta transfoma yako imepigiliwa ukutani kwa skrubu nne, na juu yake wamefunika mzinga wa nyuki! Mume wa Chesang ni mfuga nyuki, na kwa nia njema alileta mzinga mtupu wa gogo ili kuinyamazisha. Mpwa wangu, gogo lenye uwazi ndani, juu ya ukuta wa mbao! Ilikuwa ngoma iliyobebwa na ngoma.

Mzee Khaemba, mwenyekiti wa kamati ya kanisa, alikuwa ameketi barazani akinisubiri. Unamjua mdomo wake.

"Zachary," akasema, "hilo dude la mpwa wako linaomba kuliko sisi sote. Ati jana nimesema Amina, lenyewe bado linaendelea."

"Basi limeokoka," nikamwambia.

"Limeokoka wapi, bana! Kesho kamati inakaa. Tutaling'oa, turudishe makaa na chupa za maji moto."

Edah akatoka na aproni yake. Akaniita khocha, yaani mjomba kwa lugha yetu, kama mlivyoniita mkiwa wadogo. "Khocha, wasiling'oe. Huyu mtoto wa Chesang makaa hayatamtosha. Lakini mimi nataka masikio yangu. Si unaweza kunipa vyote viwili?"

Nikamwambia Khaemba anipe siku hiyo moja. Akasema nipewe, ila nisimguse na waya wangu.

Sasa tulia usome, wewe na Gichuki. Chuma kikipitiwa na nguvu ya sumaku hurefuka kidogo sana, kiasi ambacho jicho haliwezi kuona, kisha hurudi. Umeme wa mashine ile huenda na kurudi mara hamsini kwa sekunde, na kila unapokwenda na kila unaporudi chuma hujinyoosha, kwa hiyo hutikisika mara mia. Huo ndio mvumo. Kila transfoma duniani huvuma, hata zile kubwa mnazozilinda huko kwenye bwawa. Iliyotengenezwa vizuri hunong'ona. Yenu ilikuwa inahubiri, na nilitaka kujua kwa nini.

Kwanza niliondoa mzinga. Kisha nikalegeza skrubu, nikaishika transfoma kwa kitambaa kikavu na kuiinua kutoka ukutani. Papo hapo sauti ikapungua karibu nusu. Kumbe ukuta wote wa mbao ulikuwa ukitikisika nayo, kama tumbo la gitaa linavyotikisika na uzi wake. Niliporudisha, Chesang akaziba masikio. Nilipoinua tena, akacheka.

Pili nikabana vibati kwa kijiti kikavu. Sauti ikabadilika, ikawa nyembamba. Hapo nikajua vimelegea na vinagongana.

Tatu nikaweka kiganja karibu. Joto lake lilikuwa la sufuria ya chai. Transfoma yenye joto namna hiyo kwa mzigo mdogo wa taa chache ina mizunguko michache mno ya waya upande wa umeme mkubwa. Chuma kinabebeshwa sumaku kuliko kinavyoweza kubeba, kwa hiyo kinachemka na kulia. Nadhani waya uliwaishia, mkajiambia inatosha. Haikutosha.

Kabla ya kuizima tulimtoa binti wa Chesang sandukuni. Mama yake akamweka kifuani, ngozi kwa ngozi, na Edah akawafunika blanketi mbili. Chesang alipochoka, dada yake akampokea vivyo hivyo. Nami nikajua siwezi kupoteza muda.

Nikafungua bolti. Mukhisa, mlibandika karatasi kati ya vibati kwa uji! Uji wa mahindi! Wazo la karatasi ni zuri, kwa sababu vibati visipotenganishwa umeme huzunguka ndani yake na kuvichemsha. Lakini mahali penye joto, pasipo na mwanga, palipopakwa uji, nani asingehamia? Mende walitoka familia kwa familia. Edah akapanda juu ya kiti akipiga kelele, yeye ambaye hazimii akiona damu. Khaemba akaita kutoka barazani, "Ni nini, limezaa?" Mende walikuwa wamekula uji wote na karatasi nusu. Ndiyo maana vibati vilivyokuwa vimebanwa vizuri Krismasi vilikuwa vikicheza Aprili.

Dawa yake ingekuwa vanishi, lakini vanishi hukauka polepole na mtoto asingesubiri. Nikamwomba mume wa Chesang nta. Alikimbia nayo bonge zima, furaha imemjaa, maana mzinga wake ulikuwa umemwaibisha. Tuliiyeyusha katika sufuria iliyowekwa ndani ya maji yanayochemka, si motoni moja kwa moja. Nikasugua vibati, nikachovya karatasi mpya katika nta na kuvitenganisha nazo. Kwenye koili nikaongeza mizunguko upande wa umeme mkubwa kwa waya nilioubeba kutoka karakana, na michache upande wa umeme mdogo ili taa zisififie. Kisha nikaizamisha koili katika nta mpaka ikaacha kutoa mapovu. Nikakaza bolti wakati nta bado ni moto, iliyozidi ikatoka pembeni, na nafasi iliyobaki kati ya koili na chuma nikaijaza kabari za mti mgumu. Lakini kumbuka hili: nta huyeyuka. Inafaa kwa sababu transfoma haichemki tena. Ungeipaka ile ya kwanza, ingetiririka ukutani.

Ikabaki mahali pa kuiweka. Nilitaka sakafu ya saruji, mbali na mbao, na mpira chini yake. Nikauliza nani ana kipande cha tairi. Watu wakatazamana. Ndipo Mzee Khaemba, aliyekuwa amesogea mlangoni kidogo kidogo akijifanya anakagua mvua, akavua akala zake za tairi akazisukuma kwa mguu.

"Chukua. Lakini nikirudi nyumbani miguu mitupu, wewe utamweleza mama wa watoto."

Nikakata vipande vinne. Tukawasha umeme. Taa za sanduku zikawaka, na Chesang akauliza, "Mbona hamjawasha?" Edah akafungua kifuniko akaweka mkono. Joto lilikuwa linapanda. Tulipomrudisha mtoto alilia, na kila mmoja wetu alimsikia kama kengele. Ukiinama kabisa karibu na transfoma utasikia inanong'ona. Ukisimama, husikii kitu.

Nanyama alikuwa ameitwa. Akalala kitandani, na mimi nikatoka barazani pamoja na wanaume kama ilivyo adabu, lakini kuta zile, unazijua, hazifichi neno.

Kwanza kimya. Kisha Nanyama, "Kuna nini? Edah, kuna nini?"

"Nyamaza nisikie."

Kitanda kikalia, maana Edah alikuwa akihamia upande wa pili. Khaemba hakuwa na mzaha hata mmoja. Alikuwa ameshika mkono wangu bila kujua.

"Dada wa Chesang, njoo," Edah akasema. "Weka sikio lako hapa, ugonge kidole kila unaposikia. Mimi nagonga huku."

Tukasikia vidole vikigonga kwenye ubao wa kitanda. Kimoja kilikwenda haraka. Kingine kilikwenda haraka zaidi, wala havikukutana.

"Nanyama," Edah akasema, na sauti yake ilikuwa ikitetemeka kwa kicheko, "huyu wa chini ana moyo wake. Na huyu wa juu ana wake."

Basi ndiyo hiyo habari, baba yao. Ni wawili, na mioyo yote miwili inakwenda vizuri. Majina hutayatafuta, yapo tangu zamani: Mukhwana atakayetangulia na Mulongo atakayemfuata. Edah anasema wa chini ameelekeza kichwa inavyotakiwa, na safari ya Kakamega haina haraka tena. Atampeleka polepole mwezi ujao, njia ikikauka, akae karibu na daktari. Kamati ilikaa Jumamosi ikaamua transfoma ibaki. Khaemba ndiye aliyetoa hoja hiyo, akiwa amevaa viatu vya Jumapili.

Sasa nina ombi moja. Edah anasema mapacha hupenda kuja kabla ya siku zao, na sanduku lile lina nafasi ya mtoto mmoja. Omba likizo mapema, uje na waya wa kutosha na Gichuki kama anaruhusiwa. Mbao za sanduku la pili nimekwisha kuzipiga randa. Zimeegemea ukuta hapa nyuma yangu ninapoandika, na Dinah amepita mara mbili akizipapasa, anasema bado zina vibanzi vidogo, nizipige tena.

Nisalimie Gichuki, na wazee wake wa Kwanza nimewafikishia salamu zake. Dinah, Edah na Nanyama wanakusalimu. Chesang pia anakusalimu, ingawa hajapata kukuona. Anasema akikuona atakujua. Mungu akulinde kazini na njiani, na akufikishe kwenu ukiwa na nguvu za kubeba watoto wawili kwa pamoja.

Ni mimi nikupendaye tangu ulipokuwa huwezi kutembea,

Mjomba wako,
Zachary Wabwile