Kipande cha Sabuni

Malaba, Jumatano, 1977

Eti nina roho safi! Aliyeniambia hivyo ni mama mmoja wa ng'ambo, Uganda, leo dukani kwetu, baada ya mimi kumkatia kipande cha sabuni bure. Kwao sabuni imeadimika. Alikinusa kwanza, akafumba macho.

"Mungu akubariki, dada. Wewe uko na roho safi."

Sikumwambia kwamba asubuhi nilimfokea mama mkwe kwa sababu ya kikombe tu kilichovunjika. Sasa mimi ni yupi, yule wa asubuhi au huyu wa mchana? Sijui. Labda nilitoa ile sabuni ili nisijichukie.

Jioni nilipasha maji, nikamwosha mama mkwe mguu mmoja, kisha nikasita kwa aibu. Yeye alininyooshea ule wa pili.